Kumbusho la Pili

Mei 2021 simu yangu iliniambia kwamba imeli imejaa. Sisemi kwa mafumbo. Gigabaiti 15 zote zilikuwa zimekwisha, na kuanzia hapo barua mpya isingeingia mpaka nitoe za zamani. Nilikuwa na barua 23,418 ambazo sijazifungua. Naitaja idadi hiyo bila kuona haya sana, maana nimewauliza waandishi wenzangu hapa Arusha na kuna wanaoniacha mbali.

Ukiandika habari katika mji huu utaandikiwa. Arusha inaishi kwa watalii na mikutano, na vyote viwili vinapenda barua. Kongamano, warsha, semina elekezi, uzinduzi wa ripoti ya semina elekezi. Kampuni ya utalii imenunua magari mapya, inaomba habari. Taarifa kwa vyombo vya habari, halafu marekebisho ya taarifa, halafu ile ile ya kwanza imetumwa tena na mtu mwingine wa ofisi ile ile. Zamani ungelazimika kufuta. Kabla ya Gmail kuzinduliwa tarehe 1 Aprili 2004, imeli za bure zilikupa megabaiti chache tu, usipofagia zinajaa. Gmail ikaja na gigabaiti nzima na ushauri kwamba hakuna haja ya kufuta, ukitaka kitu kitafute. Mimi wakati huo nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Nimekuwa mtu mzima bila kujua kwamba imeli ni kitu cha kufagiwa.

Basi jioni ile nilikaa kitandani, nikaomba nionyeshwe barua zote zenye viambatisho vikubwa, ili nifute chache na kupata nafasi nyingi. Ya nne kwenye orodha ilitoka kwa msichana nisiyemjua. Kichwa chake, kwa herufi kubwa: YAH: KUMBUSHO LA PILI.

Nilikaribia kuifuta. Herufi kubwa na "YAH" kwangu vina maana ya malalamiko, na malalamiko ya mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini ni marefu. Lakini neno "pili" lilinishika. Kama hili ni la pili, basi kuna la kwanza, na kabla ya la kwanza kuna barua yenyewe. Nikatafuta. Barua ya kwanza ilikuwa ya Desemba 2019. Kumbusho la kwanza Januari 2020. La pili, Machi 2020. Zote hazijafunguliwa, zimekaa katikati ya warsha na magari ya watalii.

Mwandishi hakuwa msichana. Alikuwa babu yake, na mjukuu ndiye aliyechapa na kutuma kwa simu yake, kwa bando lake. Mzee alikuwa karani wa masijala katika ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Novemba 2019 nilikuwa nimeandika makala kuhusu kutimia kwa miaka 20 tangu mkataba wa Jumuiya ya sasa utiwe saini hapa Arusha, tarehe 30 Novemba 1999, na katika aya moja ya kurukia nikasema kwamba ile ya zamani ilikufa "usiku mmoja". Mzee alikuwa ananisahihisha. Haikufa usiku mmoja, aliandika, mimi nilikuwepo. Alisema ana madaftari manne ya kumbukumbu zake binafsi za miaka ile, yaliyoandikwa kwa mkono, na kwamba yuko tayari kunipa niyatumie. Akaeleza anapoishi. Sokon I. Kutoka chumbani kwangu ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu, na hapo umesimama njiani kununua ndizi.

Kumbusho la kwanza lilikuwa na mistari mitatu. La pili lilikuwa na picha za kurasa mbili za daftari, ili nione kwamba hasemi uongo, na sentensi moja ambayo sijaisahau: kama huna nafasi, nijulishe tu kwamba huna nafasi.

Nilikwenda siku iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri kuhusu wingi wa barua. Mzee alinipokea kama mgeni anayetarajiwa, akaitikia shikamoo yangu, akaita chai. Nilipoanza kujieleza alinikatiza.

"Barua ilikufikia?"

"Ilifika, mzee. Sikuiona."

"Hiyo haiwezekani, mwanangu. Ikifika imeonekana. Kama haijaonekana haijafika."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwenye masijala yao, aliniambia, barua ilikuwa haihesabiwi kuwa imefika kwa sababu tu iko ndani ya jengo. Ilifika ilipogongwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa kwenye rejista, ikapewa namba na jalada lake, na jina la ofisa wa kuishughulikia. Ikishakwenda kwa ofisa, karani alikuwa na daftari jingine la tarehe. Kila asubuhi analifungua anaona: leo jalada hili lirudi mezani kwa fulani, maana alisema atajibu na hajajibu. Ofisa angeweza kuwa mkubwa kiasi gani, siku yake ikifika karani anaingia na jalada mkononi, analiweka mbele yake na kuondoka. Hasemi neno. Hana cheo cha kusema neno. Jalada ndilo linasema.

Nikamuuliza zilikuwa barua ngapi kwa siku. Akacheka. Nchi tatu, reli, bandari, ndege, posta na simu, vyote vya pamoja. "Wewe unadhani tulikuwa tunaletewa mbili?"

Hapo ndipo nilipoomba kuona yale madaftari. Akaniambia ameyachoma.

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya rejista na mihuri. Kwenye masijala, jalada lisilo na kazi likipitisha muda wake linateketezwa, la sivyo ofisi inafurika. Alisubiri mwaka mmoja baada ya barua ya kwanza. Desemba 2020 mjukuu mwingine alikuwa anahamia kwake, chumba kinahitaji nafasi, muda umepita. Akayatoa uani.

"Kwa nini hukumpa mtu mwingine, mzee? Chuo, mwandishi mwingine, yeyote."

"Nilikuwa nimekuahidi wewe. Na wewe hukukataa."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo zamani ningeliona la kitoto: je, mtu akiniandikia, nina deni?

Rafiki yangu mmoja mwanasheria anasema sina. Hoja yake si nyepesi, na kwa muda mrefu niliishi ndani yake bila kujua. Deni haliundwi na upande mmoja, anasema. Mtu hawezi kutupa kitu uani kwako halafu akaja kudai malipo. Muda wako ni wako. Watu elfu wakiamua leo kukuandikia, je, kesho yako imeshakuwa mali yao? Ukikubali hilo umekubali kuwa mtumwa wa yeyote mwenye bando. Kwa gari la matangazo hoja hii inatosha kabisa. Gari linapopita mtaani na spika zake likitangaza tamasha, hakuna anayetoka nje kuliitikia, na dereva wake hasononeki. Zaidi ya nusu ya zile 23,418 zilikuwa magari ya matangazo. Kuziacha bila jibu si dhambi, na kukaa unajilaumu kwa ajili yake ni kupoteza usingizi bure.

Ila barua ya mzee haikuwa gari la matangazo. Ilikuwa hodi. Na mimi ndiye niliyeweka mlango: chini ya kila makala yangu kuna anwani yangu ya imeli, na mhariri huongeza maneno ya kumkaribisha msomaji atoe maoni. Huwezi kuandika "karibu" juu ya mlango halafu ukawa unashangaa kuna watu barazani.

Mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu wa kutoka Tanga, ana somo lake juu ya jambo hili na alinipa nikiwa nimesimama kwenye beseni la nguo. Kutoa salamu ni sunna, alisema, kuijibu ni faradhi. Yaani anayeanza amefanya hiari. Anayeanziwa hana hiari tena. Nikamwuliza, je, wakisalimiwa watu kumi pamoja? Akasema mmoja akiitikia inatosha, wengine wamesamehewa. Lakini wote wakinyamaza, kila mmoja akimtegea mwenzake, basi wote wamebeba. Nikafikiria zile barua zinazotumwa kwa waandishi 40 kwa mpigo, mwanakijiji analalamikia kisima au shamba, na sisi 40 kila mtu anajisemea kuna mwenzangu atalishika. Nimekuwa ndani ya hizo arobaini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Na hodi nayo ina kanuni yake, ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri. Unabisha mara tatu. Usipojibiwa, unaondoka, wala hununi, maana mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Kanuni hiyo inamlinda mwenye nyumba, lakini inamlinda na mgeni: inamwambia lini aache kusimama. Mzee alibisha mara tatu sawasawa. Kilichokosekana ni kwamba imeli haina baraza. Anayebisha haoni kama taa imewashwa, hasikii sahani, hajui kama wenyewe wamesafiri. Kwa hiyo anaendelea kusimama hata baada ya kuondoka. Mzee alisimama mwaka mzima.

Hili ndilo nililolielewa vibaya miaka yote. Nilidhani nikinyamaza nimemkatalia mtu kwa upole, nimemuepusha na maneno. Vijana wana neno zuri, kumkaushia mtu. Kumbe aliyekaushiwa hajakataliwa, ameachwa. Kama ningemwandikia mzee siku ile ya Desemba, "Samahani, sitaweza", maneno mawili ya jeuri kabisa, angeyafunga madaftari yake kwenye mfuko akampelekea mtu mwingine. Mji huu una watu wa kumsikiliza: vyuo, mahakama mbili za kikanda, Jumuiya yenyewe. Jibu baya lingeyaokoa. Ukimya wangu wa adabu ndio uliyachoma.

Nikataka kujua wenzetu wenye imeli kubwa kuliko zangu wamefanya nini. Mwaka 2004 Lawrence Lessig, profesa wa sheria wa Marekani, alizidiwa na barua akatangaza kwamba amefilisika. Akawatumia aliowaacha bila jibu ujumbe mmoja wa kuomba radhi. Watu waliupenda msemo huo, na hadi leo kuna wanaojifilisisha kila Januari kwa kufuta kila kitu. Lakini wanasahau nusu yake. Mfilisi wa kweli huanza kwa kuandika majina ya wanaomdai. Anayefuta tu bila kusoma hajafilisika, ametoroka. Miaka michache baadaye akaja Merlin Mann, naye Mmarekani, na habari ya kikasha kitupu, kwamba kila barua iamuliwe hapo hapo: futa, jibu, mpe mwingine, weka kwa baadaye. Ni mbinu nzuri kwa mtu ambaye kila anayemwandikia ni mwenzake wa ofisini. Haikuambii nani ana haki ya kungoja na nani hana.

Anayenivutia zaidi ni Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha Stanford. Tarehe 1 Januari 1990 aliacha imeli moja kwa moja, wakati wengi wetu hatujazaliwa au hatujaijua. Akasema imeli inawafaa watu wenye kazi ya kushughulikia kila linalotokea, na kazi yake yeye ni kwenda chini kabisa ya mambo. Lakini hakuufunga mlango kimyakimya. Alitangaza wazi kwamba haupo, akaonyesha ulipo mwingine: barua za posta, na katibu wa kuzichambua. Yaani alirudi kwenye masijala.

Sasa mimi sina katibu, na si Knuth. Naishi kwa kuandikiwa. Ila nilifanya jambo moja ambalo lilinishusha: nilifungua barua nilizotuma, nikatazama niliowajibu siku ile ile. Mhariri. Mtu wa shirika linalolipa nauli za waandishi. Ofisa habari ninayemhitaji. Mtu aliyeniahidi kazi ya kutafsiri. Hakuna mzee hata mmoja. Hakuna mjukuu. Kisingizio changu kilikuwa wingi wa barua, kumbe wingi ulikuwa unawaangukia baadhi ya watu tu. Kwa wengine nilikuwa mwepesi kama karani wa Jumuiya.

Watoto wa Kimaasai na Kiarusha, wakikutana na mkubwa, humwinamishia kichwa naye hukigusa kwa kiganja. Nimewatazama wazee pale sokoni wakibishana bei ya mbuzi, mikono hewani, mtoto anakuja anainama, na mkono mmoja unashuka unagusa kichwa bila mzee kukatiza sentensi. Haimchukui hata sekunde mbili. Mtoto anakwenda zake. Sijawahi kuona kichwa kimeinama kikabaki hivyo kwa sababu mkubwa ana shughuli nyingi.

Kuna kejeli nyingine hapa ambayo waandishi wenzangu wataielewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma inijibu ndani ya siku zisizozidi 30 nikiomba taarifa. Nimewahi kuisoma sheria hiyo kwa sauti mbele ya mpokezi wa ofisi moja, nikiwa nimekasirika, barua yangu ikiwa imekaa miezi miwili. Nilimwambia kuninyima jibu ni kunidharau. Wakati nasema hayo, simuni mwangu, mfukoni, mzee wa Sokon I alikuwa ameshafika kumbusho la pili.

Nilinunua kaunta buku. Mzee ndiye aliyenichorea safu: tarehe ya kupokea, nani, anataka nini, nimesema nini, lini niangalie tena. Magari ya matangazo hayaingii humo. Wanaingia watu tu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua WhatsApp, nalifungua hilo. Majibu mengi ninayotoa ni ya kukataa, na mwanzoni niliogopa kwamba watu watachukia. Wachache wamechukia. Wengi wanaandika "asante kwa kunijulisha", na hawaandiki tena. Wapo waliokuwa wakingoja miaka miwili kuambiwa hapana.

Mwenzangu mmoja alishauri niweke jibu la kiotomatiki, lile linalosema asante, ujumbe wako umepokelewa, tutakurudia. Nilimpelekea mzee hoja hiyo nikidhani ataipenda, maana si ni muhuri wa tarehe huo? Akaniuliza, aliyeandika hivyo ameisoma? Nikasema hapana, ni mashine. Akasema basi usiseme imepokelewa. Sema imeanguka ndani.

Sahihisho lake nililichapisha, kwa kutumia zile kurasa mbili. Nilikuwa karibu kuzifuta kwa sababu ya ukubwa wake, na sasa ndizo zimebaki kati ya madaftari manne. Ni za Julai 1977. Ameandika kwa mwandiko wa ofisi, ulioinama kidogo kulia, kwamba barua zinaendelea kuletwa kama kawaida, kwamba hakuna aliyemwambia aache, na kwamba amegonga muhuri zote. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari. Majengo yaliyojengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya yakaja kuwa kituo cha mikutano cha AICC mwaka uliofuata, na ndiko inakotoka sehemu kubwa ya mialiko inayonijazia imeli.

Makala ilipotoka nilimwandikia mzee barua ya karatasi, na YAH yake na kumbukumbu namba, nikaipeleka mwenyewe, kwa kuwa nyumba yake ina kibao cha namba tangu zoezi la anwani za makazi la 2022 lakini tarishi haji. Jioni mjukuu alinitumia ujumbe. Babu anasema imepokelewa. Anasema hukuandika tarehe.

Imeli yangu sasa ina barua 9,000 na kitu ambazo sijazigusa. Nashuka nazo kidogo kidogo, nikirudi nyuma, na nyingi zinastahili kufutwa. Wiki iliyopita nilifika Machi 2021. Kuna mama aliyeniandikia kuhusu mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni na simu yake haipatikani tena, akiuliza kama gazeti linaweza kusaidia. Ameacha namba. Nimepiga mara mbili, haiko hewani. Nimemjibu kwa imeli na hajarudisha. Nimemwandika kwenye kaunta buku: tarehe ya kupokea, nani, anataka nini. Safu ya nimesema nini nimeijaza. Ya mwisho nimeandika Jumatatu.